Nimetoa motere ya esansi (petroli) kwenye boti na kuweka ya betri, hapa Keshero: miezi kumi ziwani

MwanaKeshero (mleta uzi)

Ndugu zangu wa Ziwa Kivu, salamu. Wengi mmeniona nikipita mbele ya gati la Kituku, hapa Goma, kimya kimya, mkanipigia mluzi mkidhani motere imenizimikia na mawimbi yananisukuma. Haijazimika, ni ya betri. Kila nikifunga kamba pwani naulizwa maswali yale yale, ndiyo maana nayaandika hapa mara moja, makosa yangu yakiwemo, ili anayetaka kufuata asiunguze dola zake kama nilivyounguza zangu.

Boti yangu ni ya mbao, mita 9. Inabeba viazi, ndizi, makala (makaa) na mama za soko kati ya Keshero na vijiji vya upande wa Nzulo. Kwa GPS ya simu ni kilomita 7 kwenda na 7 kurudi, asubuhi mara moja, mchana mara moja. Nilikuwa na Yamaha ya farasi kumi na tano, ile ya kuchanganya esansi na mafuta, na kila nikienda na kurudi ilikunywa lita 6 hivi. Hizo ni lita 12 kwa siku, za kununua kwa Kadafi, wale wachuuzi wa esansi wa barabarani, kwa bei inayoamka na sura mpya kila asubuhi. Bei ikipanda, mama mwenye gunia moja la viazi anabaki kijijini na gunia lake. Hilo lilinichosha kuliko moshi na kelele.

Nianze na kosa kubwa. Nilinunua betri nne za lori, za asidi, mkono wa pili, ampea-saa 200 kila moja, nikaziunga zikawa volti 48. Kwenye karatasi hiyo ni kilowati-saa 9.6. Uzito wake ulipita kilo 200. Safari ya kwanza yenye mzigo, upepo ukiwa usoni, baada ya dakika 40 volti zilishuka hadi 41 na kontrola, kifaa kinachoongoza umeme wa motere, ikakata umeme. Nilikuwa na mama watano na magunia kumi na moja. Tulipiga kasia karibu saa mbili. Hakuna mama aliyenitukana, na mpaka leo nikikumbuka ukimya ule naona aibu.

Betri ya lori imetengenezwa kuwasha injini: inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha inapumzika. Ukiivuta ampea mia na zaidi mfululizo, inakupa kama nusu ya kilichoandikwa juu yake, na ukizoea kuikausha hivyo inakufa ndani ya miezi. Nilizo nazo sasa ni betri mbili za lithiamu-fosfeti, zile zile watu wanazofunga nyumbani na paneli za jua. Kila moja ni volti 51.2, ampea-saa 100, yaani kilowati-saa 5.12, na uzito wa kilo 45 hivi. Zote mbili ni kilo 90. Natumia asilimia 80 tu, kwa hiyo mfukoni nina kilowati-saa 8.

Hapa ndipo kila mtu anapokosea hesabu, nami nilikosea. Lita moja ya esansi ina karibu kilowati-saa 9 ndani yake. Betri ya kushika kiasi hicho ina uzito wa kilo 80 au 90. Ukiishia hapo utakata tamaa. Lakini motere ndogo kama ile ya zamani inageuza chini ya robo ya nguvu hiyo kuwa mzunguko, iliyobaki inaondoka na joto na moshi. Na kuna jambo la kwetu wenyewe: Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na injini inayovuta hewa bila turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Yamaha kumi na tano ikifika Goma ni kama kumi na tatu. Motere ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo nguvu uliyouziwa unaipata yote.

Sasa mwendo. Nimepima mwenyewe, boti ikiwa na mzigo wa tani moja, maji yametulia:

Kilomita 8 kwa saa inavuta kilowati 2. Kilomita 10, kilowati 4. Kilomita 12, kilowati 7.

Tazameni vizuri. Nikiongeza kilomita nne tu kwa saa, betri inakamuliwa zaidi ya mara tatu. Kwa kilomita 8 naweza kwenda saa nne, kilomita 32, na safari zangu zote mbili zinaingia. Kwa kilomita 12 nina saa moja na dakika chache, na safari moja tu ya kwenda na kurudi inanimalizia betri. Boti ya mbao ya tumbo inalima maji, haipandi juu yake, na ikikaribia mwendo wake wa mwisho (kwa mita 9 ni kilomita 13 au 14 hivi) nguvu yote inaishia kutengeneza mawimbi. Hata zamani, nikikaza mkono na Yamaha, nilikuwa nanunua mawimbi kwa esansi. Sikujua kwa sababu hakukuwa na saa (mita) ya kunionyesha nguvu inayotumika.

Ulizeni, nitajibu jioni nikisharudi.

KijanaNdosho

Mukubwa, hongera sana. Mimi swali langu ni la woga. Ziwa letu lina gesi, tumeambiwa tangu shule. Cheche ya umeme haiwezi kutulipua sote?

MwanaKeshero

Mdogo wangu, swali hilo nimeulizwa hata na polisi wa pwani, na si la kuchekwa. Gesi ya Kivu ni nyingi kweli: methani karibu mita za ujazo bilioni 60, na kaboni dioksidi karibu bilioni 300. Lakini imeyeyuka ndani ya maji, chini sana, na uzito wa maji yaliyo juu ndio unaoishikilia huko. Wale wa KivuWatt, kiwanda cha umeme wa gesi kule Kibuye, Rwanda, wanashusha bomba zaidi ya mita 300 kuifuata. Juu, pale elisi (pangaboi) inapozunguka, hakuna gesi ya kuwaka. Kinachowaka kwenye boti ni mvuke wa esansi uliolala sakafuni, na huo nimeutoa.

Ila kuna gesi moja ambayo nataka kila mwenye wazo hili aiogope: mazuku. Betri za kuchaji pwani usiku zinahitaji mlinzi, na mlinzi atalala karibu nazo. Upande wetu huu wa Keshero na Bulengo kuna mashimo ya lava ambamo kaboni dioksidi inajikusanya chini usiku, haina harufu, na asubuhi unakuta mbuzi amelala hataamka. Banda la kuchajia lijengwe juu, mahali penye upepo. Kama wazee wa hapo wanasema pale chini panaua, wasikilize. Banda langu nililihamisha mita thelathini kupanda kwa sababu bibi mmoja jirani alinionyesha majani yaliyokauka kwenye kashimo, akaniuliza kama nimeyaona.

FundiNguba

Salamu kutoka Bukavu. Mimi ni fundi wa motere za boti mwaka wa kumi na saba. Nimesoma yote na nina mawili. Kwanza, ulinunua motere mpya ya umeme au ulikata ile Yamaha? Pili, watu watasoma hapa na kesho waje kuniambia niwawekee betri kwenye boti za Goma–Bukavu. Uwaambie ukweli.

MwanaKeshero

Karibu sana papa fundi. Naanza na la pili.

Goma–Bukavu ni karibu kilomita 100 za maji. Boti ya kasi yenye motere mbili za farasi 200 inatumia, tuseme, kilowati 200 ikiwa njiani, kwa saa mbili na nusu au tatu. Hiyo ni kilowati-saa 500 na zaidi. Kwa betri za leo ni tani tano au sita za betri, kabla hujapakia abiria hata mmoja. Haiwezekani, na atakayewaahidi watu hilo anawadanganya. Kule Norway feri ya betri inayoitwa Ampere ilianza kubeba magari mwaka 2015, lakini inavuka kilomita sita hivi tu na kuchaji kila ikigusa gati. Umeme ni wa njia fupi, ya kila siku, inayojulikana mwanzo na mwisho wake.

Kuhusu motere: zipo zilizo tayari, mfano Torqeedo za Wajerumani, ambazo tangu 2024 ni mali ya hao hao Yamaha wa kwetu. Ni nzuri, ila bei yake ilinishinda. Nilikata Yamaha yangu, ambayo silinda yake moja ilikuwa imeshakwaruzika. Nilitoa kichwa chote cha injini nikabaki na mguu, gia na elisi. Juu ya mguu nikaweka sahani ya alumini ya milimita 12, na juu yake motere ya umeme ya volti 48, kilowati 8, iliyofika kwa barabara kupitia Kigali.

Kazi iliyonitoa jasho ni kuunganisha motere na ule mhimili unaoshuka ndani ya mguu. Ncha yake ya juu ina meno madogo madogo, na fundi wa kuchonga vyuma hapa Birere alitaka kuyachonga upya. Baadaye tukapata akili: lile jike la meno hayo, tundu yanamoingia, liko tayari kwenye ncha ya chini ya krenki ya zamani, mhimili mkuu wa injini. Tukakata krenki, tukachukua kipande cha sentimita sita, tukakichonga ndani kiingie kwenye mhimili wa motere na kabari yake. Kimekaa kama kilizaliwa pale.

Pampu ya maji nimeiondoa mpira wake, kwa sababu motere yangu inapozwa na hewa na mpira ule ulikuwa unakula nguvu bure. Gia nimeacha. Umeme unaweza kugeuza mzunguko kurudi nyuma, lakini meno ya gia ya mbele yamechongwa kwa mshazari, ukiyazungusha kinyume chini ya mzigo yanaruka. Narudi nyuma kwa gia, kama zamani.

Elisi nayo nilibadilisha. Ile ya mwanzo ilikuwa ndogo, ya kuzunguka haraka. Nimefunga pana zaidi, kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia pale chini, na saa ikaonyesha inavuta pungufu kwa mwendo ule ule.

FundiNguba

Krenki ya zamani! Hapo umenifundisha, na nimeshatupa krenki nyingi. Na nyaya? Kwa volti 48 na kilowati 6 wewe unapitisha ampea 125. Hapo ndipo ninapoogopa moto.

MwanaKeshero

Unaogopa pazuri. Waya wangu mkuu ni wa milimita 50 za mraba, shaba tupu, mfupi iwezekanavyo. Betri ziko katikati ya boti, chini kabisa, kontrola iko nyuma. Kila betri ina fyuzi yake hapo hapo kwenye nguzo (ncha ya kuungia waya), kabla waya haujaenda popote. Wengine wanaiweka fyuzi karibu na motere. Waya ukichubuka katikati, fyuzi hiyo haina msaada.

Na bado niliponea chupuchupu. Wiki ya tatu nilisikia harufu kama ya kiatu kilichosogezwa kwenye moto. Nilizima, nikafungua kisanduku. Kifuniko cha plastiki cha nguzo moja kilikuwa kimelegea kama nta, na nyuzi za shaba zilizokuwa zinang'aa zimegeuka rangi, kahawia pembeni na zambarau iliyoiva karibu na bolti. Nikaigusa bolti kwa bisibisi: ikazunguka robo bila kukaza. Mawimbi yalikuwa yameilegeza kidogo kidogo kwa siku ishirini. Kadi ya ulinzi ndani ya betri, ile mafundi wanayoiita BMS, haikuona kitu, kwa sababu ampea zilikuwa za kawaida. Moto ulikuwa unatoka mahali pa kuungana tu.

Tangu siku hiyo kila nguzo ina washa ya kuzuia bolti isilegee, na nimechora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye bolti hadi kwenye sahani. Bolti ikisogea, mstari unavunjika, nauona bila hata kushika spana. Kila asubuhi, kabla mama wa kwanza hajaweka mguu, nafungua kisanduku na kutazama mistari sita. Nafanya hivyo hata nikichelewa.

MamaMboga_Kituku

Papa wa boti, mimi ni mmoja wa wale unaobeba, utanijua. Watu wanaongea volti. Mimi niseme ya abiria. Boti hii inachelewa. Zamani nilikuwa Keshero ndani ya nusu saa na kidogo, sasa ni karibu saa nzima. Nyanya zangu hazipendi jua. Lakini nikifika sina esansi kwenye nguo wala kwenye fufu, na kichwa hakiniumi. Na nauli haijapanda tangu uanze. Ninachouliza: hizo betri, na maji yakiingia?

MwanaKeshero

Mama, nakujua, na asante kwa kusema ukweli kuhusu muda. Ndiyo maana sasa natoka saa kumi na moja na nusu asubuhi badala ya saa kumi na mbili na nusu, ili nyanya zifike kabla jua halijakaza.

Maji: betri zimo kwenye kisanduku cha fiberi chenye mpira pembezoni, kimeinuliwa sentimita kumi juu ya sakafu ya boti. Maji ya Kivu yana chumvichumvi kidogo na yanaacha ukoko mweupe kwenye chuma, kwa hiyo napaka grisi kila nguzo.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni uzito. Tarehe 3 Oktoba 2024 sote tuliona hapa Kituku boti ya kutoka Minova ikipinduka karibu kabisa na gati, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na makumi ya watu wakafa mbele ya macho ya ndugu zao waliokuja kuwapokea. Kilo 90 za betri ni mtu mmoja na gunia dogo. Nilipozifunga niliondoa nafasi moja ya abiria na sijairudisha. Zimefungwa kwa mikanda kwenye mbavu za boti, chini, kwa sababu betri inayoteleza upande mmoja wakati wa wimbi inaweza kuipindua boti yenyewe. Paneli za jua nimekataa kuziweka juu ya paa, ingawa vijana wananishawishi. Kila moja ina kilo ishirini na zaidi, zingekaa juu ambako boti inazihitaji kidogo kuliko kote, na upepo ungezishika kama tanga. Na makasia mawili hayatoki ndani ya boti. Majaketi ni idadi ya watu, mtoto ana la mtoto.

KijanaNdosho

Na unachaji wapi, mukubwa? Kwa paneli?

MwanaKeshero

Kwa waya wa mtaa, usiku. Goma kwa hilo tumebarikiwa: kuna umeme wa maji wa Matebe, megawati 13, na hapo kwenu Ndosho kuna uwanja wa paneli za jua wa kampuni ya Nuru, wa megawati 1.3. Chaja yangu ni ya ampea 30, kilowati moja na nusu na kidogo, inajaza kwa saa tano hivi. Umeme ukikatika usiku kucha, nafanya safari moja tu na kuwapigia mama simu mapema. Ukitaka kutegemea jua peke yake pwani, hesabu paneli saba au nane za wati 400, na msimu wa mvua utapungukiwa.

Mvuvi wa usiku

Sisi wa sambaza, wale samaki wadogo, je? Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti, wanaume wanapiga kasia na kuimba hadi katikati, taa zinawashwa, wavu unashuka. Hatuna esansi kabisa. Hii inatuhusu?

MwanaKeshero

Inawahusu kuliko mimi, kaka. Taa zenu tayari ni za betri. Mwendo wenu ni wa polepole, kilomita nne au tano, na hapo nguvu inayohitajika ni ndogo mno: motere ya kilowati moja inatosha kuwatoa na kuwarudisha. Kule Ziwa Victoria upande wa Kenya kuna kampuni ya ASOBO inayowakodisha wavuvi motere za umeme pamoja na betri, ili mvuvi asitoe fedha zote siku moja. Ningependa kuona kitu kama hicho hapa. Wavu wenu ufungiwe mbali na elisi, hilo tu ndilo ningeomba mlifikirie mapema.

FundiNguba

Nina mteja wa hapa Bukavu mwenye boti ya mita 12, anavusha watu kati ya peninsula na upande wa pili wa ghuba, kilomita tatu. Njia fupi kama unavyosema. Nitajuaje anahitaji kilowati ngapi kabla hajanunua?

MwanaKeshero

Papa fundi, tumia mzani wa soko, ule wa kuning'iniza ndoo za nyanya. Funga boti ya mteja nyuma ya boti nyingine kwa kamba ndefu, mita ishirini na zaidi, isikae ndani ya maji yanayosukumwa na elisi ya mbele. Mzani uwe katikati ya kamba. Pakia mzigo wa kawaida. Asubuhi, kabla ya upepo, vuta kwa mwendo unaotaka, simu ikusomee kilomita kwa saa. Soma kilo kwenye mzani. Zidisha kilo kwa mwendo, gawa kwa 180. Hizo ni kilowati zitakazotoka kwenye betri, elisi ikiwa ya kawaida. Mimi nilisoma kilo 45 kwa kilomita 8, nikapata 2, na saa ya betri ilikuja kuniambia hivyo hivyo.

FundiNguba

Tumevuta leo alfajiri. Boti ina watu kumi na nane, mwendo kilomita 8, mzani ulicheza kati ya 66 na 73, tukachukua 70. Kilowati 3.1. Mwenye boti alikuwa amekwisha kuandikiwa motere ya kilowati 20 na muuzaji mmoja. Ameshika karatasi ile mkononi tangu saa moja, yuko hapa kando yangu, anataka kujua krenki ya zamani inakatwa urefu gani.